Utu wa Mzee Aliyejisahau

Utunzaji unaomtanguliza mtu ni ule unaoanza na mzee mwenyewe: alikuwa nani kabla miguu haijamkatalia, anapenda nini, anaogopa nini, huamka saa ngapi, na leo anataka afanyiwe nini. Ugonjwa wake huja baada ya hayo. Katika nchi nyingi jambo hili hujadiliwa kwa kuangalia makao ya wazee, wauguzi wake, zamu zake na vitanda vyake. Katika kisiwa cha Mafia mjadala unahamia nyumbani, kwa kuwa makazi ya wazee yanayoendeshwa na serikali yako sehemu nyingine za nchi, na wazee wa kisiwani hutunzwa na watoto, wajukuu na majirani, kuanzia Bweni na Kanga upande wa kaskazini hadi Kilindoni, na ng'ambo ya maji huko Chole, Juani na Jibondo. Lakini mzee awe nyumbani kwa bintiye au katika chumba cha taasisi, swali ni lilelile: kinachotunzwa ni nini? Ni mwili unaohitaji kuogeshwa na kulishwa, ni wajibu ambao mtoto ataulizwa Siku ya Kiyama, au ni mtu?

Swali hilo hubana zaidi akili inapopungua. Mzee aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, lakini ulimi wake uko sawa, bado anaweza kuusukuma uji asioutaka na kusema kwa nini. Mzee asiyekumbuka kama ameshakula, asiyemtambua mtoto aliyemzaa, anaweza kufanyiwa lolote na asiweze kulalamika kwa maneno yanayoeleweka. Kwa hiyo yeye ndiye kipimo. Nyumba au taasisi inayomheshimu mzee mwenye kauli haijathibitisha mengi, maana mwenye kauli hujitetea.

Kwa sura yake ya kitaaluma wazo la kumtanguliza mtu si la zamani sana. Mwaka 1961 mwanasosholojia Erving Goffman alichapisha kitabu chake Asylums, kilichotokana na uchunguzi wake katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Washington. Alionyesha jinsi taasisi inayommiliki mtu saa 24 inavyomvua alivyokuja navyo: nguo zake, wakati wake, faragha yake, haki ya kuamua alale lini. Miongo mitatu baadaye Tom Kitwood wa Chuo Kikuu cha Bradford, Uingereza, alichukua fikra za mwanasaikolojia Carl Rogers kuhusu tiba inayomweka mtu katikati, akazipeleka kwa wagonjwa wa dimenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayofuta kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Kitabu chake Dementia Reconsidered kilitoka 1997, mwaka mmoja kabla ya kifo chake.

Kitwood alisema jambo zito: kudhoofika kwa wagonjwa hawa hakutokani na ubongo peke yake, bali pia na namna wanavyotendewa. Alitaja mienendo inayomwondolea mtu utu wake kidogo kidogo. Mzee hudanganywa ili atii. Huharakishwa. Husemewa anapoulizwa. Huzungumziwa mbele yake kana kwamba hayupo, hunyamaziwa anapoita, hugeuzwa mtoto. Alisisitiza kuwa wanaofanya hivyo kwa kawaida ni watu wema wasio na nia mbaya, waliorithi mazoea. Kisha akataja mahitaji ya mtu huyo: faraja, mtu wa kumshikilia, kushirikishwa, kuwa na shughuli, na kuendelea kujulikana kuwa yeye ni nani; yote hayo yakizunguka hitaji moja kubwa zaidi, kupendwa.

Yeyote aliyekaa katika nyumba yenye mzee Pwani ataitambua orodha hiyo. Mgeni anapofika na kutoa shikamoo, mara nyingi jibu la marahaba hutoka kwa mzee, lakini habari zote zinazofuata hutoka kwa wengine: hali vizuri siku hizi, usiku hatulazi, akili zimerudi utotoni. Mzee amekaa palepale kwenye mkeka, anasikia. Kauli kwamba mzee amekuwa mtoto husemwa kwa mapenzi, na ina ukweli wake katika mambo ya kulishwa na kuvishwa. Hata hivyo inapotosha. Mtoto hajawahi kuwa na mamlaka ya kupoteza. Mzee ameoa na kuozesha, ameamua ugomvi wa mipaka ya mashamba, ameswalisha, amezika. Kumwita mtoto ni kumfutia maisha hayo yote, na kumpa ruhusa anayemtunza aache kuuliza.

Je, mtu huyu ni mtu kwa sababu gani? Falsafa ya Ulaya ilitoa jibu ambalo halimsaidii. John Locke, katika sura aliyoiongeza kwenye toleo la pili la kitabu chake kuhusu ufahamu wa binadamu, mwaka 1694, alimweleza mtu kuwa ni kiumbe mwenye fikra anayeweza kujitambua kuwa yeye wa leo ndiye yule wa jana. Kumbukumbu ndiyo inayomfanya awe mmoja. Kwa hoja hiyo, fundi wa mashua wa Jibondo asiyekumbuka tena kwamba aliwahi kushika shoka na tezo amekatika na nafsi yake ya zamani, na akizidi kusahau hata sasa yake, haijulikani kama amebaki mtu kwa maana kamili. Wengi wasiomjua Locke huishi kwa hoja yake wanaposema kuhusu mzee aliye hai kwamba mama yetu tuliyemjua hayupo tena.

Kitwood alijibu kwa kuhamisha utu kutoka kichwani kwenda kwenye uhusiano. Kwake, utu ni hadhi ambayo mtu hupewa na wenzake wanapomtambua, wanapomheshimu na kumwamini. Hilo kwa Waswahili si geni. Mtu ni watu, husemwa kila siku. Mzee aliyesahau jina lake hajapotea maadamu wapo wanaomwita kwalo. Jibu hili ni bora kuliko la Locke, na utunzaji mwingi mzuri umejengwa juu yake. Lakini lina ufa. Kinachotolewa na watu kinaweza kunyang'anywa na watu. Mzee asiyetembelewa na yeyote, aliyewachosha ndugu zake hadi wakaacha kumsemesha, atakuwa amepungukiwa utu kwa kweli, na hakuna wa kulaumiwa isipokuwa kwa kutotoa zawadi. Mtu aliyenyimwa zawadi hana dai. Mzee huyu ana dai.

Hapa ndipo mafundisho ya Uislamu, ambayo ndiyo msingi wa maisha ya watu wengi wa Mafia, yanapoongeza kitu ambacho hoja ya mahusiano peke yake haina. Kurani, katika aya ya 70 ya sura ya Al-Israa, inasema kwamba Mungu amewakirimu wanadamu, bila kuweka sharti la akili, umri wala manufaa. Na haifichi hali yenyewe: sura za An-Nahl na Al-Hajj zinataja umri dhalili, ambamo mtu hufika hata asijue kitu baada ya kuwa na elimu. Mtume Muhammad (s.a.w.) alifundisha dua ya kujikinga na umri huo. Hali inaogopwa kwa uwazi. Aliyefikwa nayo habadilishwi daraja.

Ushahidi mzuri zaidi umo katika fiqhi, ambayo kwa kawaida haidhaniwi kuwa ni mahali pa kutafuta falsafa ya utu. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wa Afrika Mashariki, mtu aliyeondokewa na akili huondolewa wajibu: haandikiwi dhambi ya kuacha swala wala funga. Haki zake hazipungui. Anarithi fungu lake kamili, naye anarithiwa. Mali yake hubaki yake, ikisimamiwa na walii, na kwa Mashafi hata zaka hutolewa katika mali hiyo. Damu yake ina thamani ileile ya damu ya mwenye akili timamu. Nafaka yake, yaani matumizi yake ya kila siku, akiwa hana kitu, ni wajibu wa wanawe wenye uwezo. Akili kwa Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ni mojawapo ya mambo matano ambayo sheria imekuja kuyalinda, pamoja na dini, nafsi, nasaba na mali. Ni kitu cha kulindwa, si tiketi ya kulindiwa vingine. Ikipotea, yaliyobaki yanalindwa kama kawaida.

Kwa hiyo watu hawampi mzee utu wake. Wanautambua au wanaukanusha. Tofauti hiyo hugeuza maana ya ubora wa utunzaji. Kumwuliza mzee kabla ya kumgeuza kitandani si ukarimu wa ziada wa muuguzi mwenye moyo mzuri. Ni kulipa anachodai.

Kuna tatizo linalotoka ndani ya dini yenyewe, na si dogo. Utunzaji wa wazazi ni njia ya radhi na Pepo, na mtoto aliyelelewa Pwani anaogopa laana ya mzazi kuliko anavyoogopa mahakama. Hofu na matumaini hayo huwafanya watu wavumilie mizigo ambayo mshahara usingewafanya waivumilie. Lakini anayemtumikia mzee kwa ajili ya thawabu zake mwenyewe anaweza kumfanya mzee chombo. Anamlisha sana ili watu waone hanyimwi. Anamkatalia kutoka barazani ili asianguke na jamii ikasema. Anamwita daktari, mwalimu wa kisomo na mganga kwa siku moja ili asilaumiwe kuwa hakujaribu. Kila tendo lina sababu, na katika sababu zote mzee hayumo.

Aya ya 23 na ya 24 za sura ya Al-Israa zinalijibu tatizo hili kwa namna ya kipekee. Zikimzungumzia mzazi aliyefikia uzee akiwa kwa mwanawe, hazianzi na chakula, mavazi wala dawa. Zinaanza na ulimi: zinakataza hata mguno wa kuchoka, zinakataza kukemea, zinaamuru kauli ya heshima, kisha unyenyekevu na dua. Mtoto anayetimiza kila hitaji la mwili wa mamaye huku akipumua kwa kero amevunja amri kabla hajafika kwenye lile analodhani ndilo amri. Namna ya kutenda imefanywa kuwa sehemu ya tendo. Hiyo ni karibu kabisa na alichokiona Kitwood alipokaa kwenye pembe za kumbi za wagonjwa na kuandika jinsi wahudumu walivyokuwa wakizungumza nao.

Tendo la kumwogesha mzee linaonyesha hayo vizuri kuliko nadharia. Mwogeshaji asiyemtanguliza mtu huja na ndoo, humvua mzee nguo zote mara moja, humwagia maji na kumaliza upesi ili asishikwe na baridi. Anayemtanguliza humwamkia kwanza, humwambia kinachokuja, humwonjesha maji mkononi kama yana moto wa kutosha. Humfunika kanga, akafunua mkono mmoja, akauosha na kuukausha na kuufunika, kisha akahamia mkono mwingine. Uso humwachia mzee auoshe mwenyewe akiweza, hata ikichukua muda, maana kujiosha uso ni sehemu ya udhu na ni kumbukumbu ya swala. Katika Ushafi aura, yaani sehemu ya mwili isiyopaswa kuonekana, baina ya maharimu ni kati ya kitovu na magoti, na dharura huruhusu kwa kadiri yake tu. Kwa hiyo mtoto wa kiume aliyebaki peke yake na mamaye baada ya dada zake kuhamia Dar es Salaam anaruhusiwa kumtunza, lakini kanga ile haivuliwi kwa kisingizio kwamba mama hajui tena aibu ni nini. Wengi wa waliosahau kila kitu wanajua. Huibana nguo kwa vidole.

Huko Jibondo, ambako kwa miaka mingi maji ya kunywa yaliletwa kwa mashua kutoka kisiwa kikubwa, maji ya kumwogeshea mzee yalikuwa na bei na safari yake. Haifai kuzungumzia ubora wa utunzaji bila kuhesabu ndoo.

Uzee wa Mafia una rasilimali ambazo makao mengi hayana. Kwanza ni minazi. Mzee mwenye minazi yake si mtu wa kuombaomba kwa wanawe; kila mkwezi anapokwea, kuna pesa inayoitwa yake. Hadhi hiyo humfuata hadi kitandani, na ndiyo sababu kumwuzia nazi bila kumwonyesha hesabu, hata kama pesa yote imenunuliwa dawa zake, ni kumpunguza. Mali hiyohiyo huleta mashaka: hiba ya shamba kwa binti anayemtunza inaweza kuwa shukrani ya haki, na inaweza kuwa imechumwa kwa mzee aliyechoka. Sheria ya Kiislamu imelijua hilo. Hiba iliyotolewa katika maradhi ya mauti huchukuliwa kama wasia, haivuki theluthi, na kwa mrithi inahitaji ridhaa ya warithi wengine. Ni ulinzi wa warithi, na ni ulinzi wa mzee pia.

Pili ni udugu wenye milango mingi. Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake kaskazini mwa Mafia mwaka 1965 na kuurudia kwa miongo kadhaa, alieleza katika kitabu chake cha 1975, Choice and Constraint in a Swahili Community, jinsi mtu wa huko anavyohesabu ukoo wake kwa baba na kwa mama, na hivyo kuwa na haki katika koo zaidi ya moja. Watoto nao hupelekwa kulelewa na bibi au shangazi, na mjukuu aliyelelewa na bibi mara nyingi ndiye anayekuja kumsaidia. Mzee wa namna hiyo ana watu wengi wa kumwendea. Upande wa pili wa neema hiyo ni kwamba wajibu wa wote unaweza kuwa wajibu wa mmoja, na mmoja huyo karibu daima ni mwanamke: binti aliyeachika akarudi nyumbani, mkwe, mjukuu wa kike aliyeacha masomo. Ndugu wa kiume hutuma pesa kwa simu na hukumbukwa katika dua. Anayelala mlango mmoja na mzee, akiamka mara nne usiku, hachaguliwi na yeyote; hujikuta. Mzee hawezi kutangulizwa na mtu ambaye mwenyewe amewekwa nyuma ya wote, na familia inayogawana pesa bila kugawana usiku haijagawana kitu.

Tatu ni kazi za mikono. Wanawake wa Mafia wamesuka mikeka na misala kwa vizazi, na ukili husukwa na vidole vilivyozoea hata macho yakifunikwa na mtoto wa jicho. Binti mwenye huruma humnyang'anya mamaye ukili ili apumzike. Mama hubaki na mikono mitupu, akaanza kuvuta nyuzi za shuka, na watu wakasema ugonjwa umezidi. Kumrudishia ukili, hata kama kitakachotoka hakitauzika, ni tiba isiyohitaji kuvuka bahari kwa boti hadi Nyamisati. Hali kadhalika tasbihi. Aliyesahau majina ya wanawe anaweza kuisoma Fatiha bila kukwama, kwa kuwa aliihifadhi utotoni na kuirudia maisha yake yote. Akiswali Adhuhuri mara tatu, au akaelekea upande usio wa kibla, hakuna haja ya kumvuta na kumsuta. Wajibu umeshaondolewa kwake, na kinachobaki ni mtu anayefanya jambo alipendalo zaidi duniani.

Jambo gumu kuliko yote ni ukweli. Bibi anaamka alfajiri, anauliza kama mumewe amerudi kutoka baharini. Mume amezikwa zamani. Kumwambia kila siku kwamba amekufa ni kumletea msiba mpya kila siku, kwa kuwa anausikia kwa mara ya kwanza. Kumwambia kwamba yuko njiani ni uongo, na uongo si jambo jepesi katika dini. Hadithi inayojulikana inataja mahali patatu ambapo pana ruhusa: vitani, kupatanisha watu, na maneno ya mume na mke. Mgonjwa aliyesahau hakutajwa. Imam Ghazali alilipanua jambo hilo kwa hoja kwamba maneno ni njia ya kufikia makusudi: kusudi jema likiweza kufikiwa kwa ukweli, uongo ni haramu, likiwa haliwezi kufikiwa ila kwa uongo, unaruhusiwa, na hata hapo ni bora kutumia kauli yenye maana mbili kuliko uongo wa wazi.

Kipimo hicho ni kikali kuliko kinavyoonekana, kwa kuwa kinadai kwanza ukweli ujaribiwe. Na kwa bibi huyu ukweli upo ambao haujajaribiwa. Anaweza kuulizwa: alikuwa akivua wapi? Alipenda kutoka na kaskazi au na kusi? Ulikuwa ukimpikia nini akirudi? Maswali hayo hayana uongo ndani yake. Yanamjibu anachokihitaji, ambacho huenda si habari za mume bali ni kumzungumzia, au ni upweke wa saa ile ya giza. Mara nyingi baada ya maneno matano bibi mwenyewe husema kwamba mzee yule alishafariki, akasoma dua yake, akatulia. Uongo unaofanywa kwa haraka, kwa sababu uji uko motoni, hauingii katika ruhusa ya Ghazali. Huo ni ule alioutaja Kitwood: kumdanganya ili atii.

Suala la mashetani haliwezi kuachwa, kwa kuwa Mafia, kama Pwani yote, watu wengi huona mabadiliko ya ghafla ya tabia kuwa kazi ya majini au ya mahasidi. Kisomo na kombe vikimtuliza mzee anayeviamini, vina nafasi yake katika kumtanguliza mtu. Hatari huanza maelezo yanapomgeuza mzee mwenyewe kuwa tuhuma. Bara, hasa Usukumani, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na woga huo umewafikisha wengine kwenye makazi ya serikali. Kusahau ni ugonjwa. Kunahitaji kupimwa hospitalini Kilindoni kabla ya kutafutiwa mkosaji, maana homa, maambukizi ya mkojo au dawa zilizogongana navyo huvuruga akili, na hivyo vinatibika.

Kuhusu taasisi, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliweka familia na jamii kuwa mtunzaji wa kwanza, na makazi kuwa njia ya mwisho kwa asiye na mtu. Serikali inaendesha makazi kama Nunge huko Kigamboni, Fungafunga mjini Morogoro, Kolandoto Shinyanga na Bukumbi Mwanza. Baadhi ya makazi ya aina hii yalianza kama kambi za wenye ukoma. Zanzibar ina nyumba za Sebleni na Welezo huko Unguja na Limbani huko Pemba. Welezo ilianzia katika kazi ya wamisionari Wakatoliki kwa wenye ukoma. Tangu Aprili 2016 Zanzibar pia imelipa pensheni kwa kila mzee aliyefikisha miaka 70, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Kiasi hicho cha mwanzo hakikuwa kikubwa, lakini pensheni hulipwa bila kumuuliza mzee kama ni maskini wa kutosha, na kumwekea mkononi pesa isiyotoka kwa mtoto ni kumtanguliza kwa namna yake.

Avedis Donabedian, aliyeweka msingi wa kupima ubora wa huduma za afya mwaka 1966, aligawa kipimo katika mambo matatu: muundo, mchakato na matokeo. Wakaguzi hupenda muundo, kwa sababu unahesabika: vitanda, vyoo, wauguzi. Matokeo nayo huonekana. Mzee mwenye vidonda vya kulalia upande mmoja hajageuzwa, na hakuna maelezo yatakayofuta kidonda. Mchakato ndio unaoponyoka, na ndimo mtu alimo. Ili kuuona lazima mtu akae: aangalie kama mlishaji ameketi usawa wa macho ya mzee au amesimama juu yake, kama amechambua miiba ya samaki, kama anangoja tonge limezwe, kama anazungumza naye au na mwenzake kuhusu mshahara. Kipimo hicho kinafaa nyumbani kama kinavyofaa Nunge.

Linabaki swali ambalo familia nyingi za Pwani huliuliza kwa sauti ya chini: je, kumpeleka mzazi kwenye makao ni uasi? Kwa mtoto mwenye uwezo anayetaka tu kupumua, ni vigumu kuona jibu lingine. Lakini yupo mzee asiye na mtoto, yupo ambaye mwanawe ni mgonjwa kuliko yeye, na yupo anayefungiwa mchana kutwa kwa sababu wa kumtunza yuko shambani. Kuwa na damu moja hakumfanyi mtu ajue kumgeuza aliyepooza, na nyumba ya ndugu ambamo mzee hukemewa kila saa haikidhi aya ya Al-Israa kwa sababu tu paa lake ni la ukoo. Kinachoamua ni mambo yanayoweza kuulizwa. Mzee mwenyewe ameulizwa, akiwa bado anaweza kujibu? Nafaka inaendelea? Watoto wanakuja, tena kwa siku anazoweza kuzingoja? Kanga zake, tasbihi au msalaba wake, na jina aliloitwa kwao vimekwenda naye?

Makazi ya serikali hupokea wazee wa dini zote, na hapo kumtanguliza mtu hufika hadi saa ya mwisho. Mwislamu atahitaji mtu wa kumlakinia shahada, wa jinsia yake wa kumwosha, na wa kumswalia. Asipokuwa na jamaa, mambo hayo ni fardhi kifaya juu ya Waislamu walio jirani, nao wote hupata dhambi yasipofanywa. Mkristo atahitaji padri au mchungaji wa kanisa lake. Kwa hiyo siku mzee anapopokelewa, pamoja na jina, maradhi na dawa, yafaa kuandikwa anaswali au anasali wapi, nani aitwe hali ikibadilika, aoshwe na nani na azikwe wapi, na majibu hayo hutakiwa kutoka kinywani mwake, mbele ya shahidi, kabla hajayasahau.